Kuweka ukomo wa nywila kwenye seva ya ofisi: njia nne na ofisi zinazozifaa

Hoja ya ukaguzi mara nyingi huwa ya sentensi moja tu: nywila za watumishi kwenye seva hazina ukomo, yaani hakuna siku ambayo mtu hulazimika kubadilisha yake. Meneja anataka ijibiwe kabla robo ya mwaka haijaisha, na msimamizi wa mfumo, ambaye katika ofisi nyingi ndiye pia anayetengeneza printa na kufuatilia bando la intaneti, anajikuta na njia nne mbele yake, kila moja ikiwa na watu wanaoitetea kwa nguvu. Nimezitumia zote nne katika ofisi za hapa Kigoma, na ninamwandikia mwenzangu aliyekwama kati yake.

Njia zenyewe ni kuweka ukomo akaunti moja moja kwa amri ya chage, kuweka kanuni ya jumla kwenye seva yenyewe, kuikabidhi kazi hiyo kwa saraka kuu ya watumiaji, yaani mfumo unaotunza akaunti za mashine zote mahali pamoja, kama FreeIPA au Active Directory, au kuacha ukomo wa siku na kutumia nywila ndefu inayobadilishwa pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mifano mingi hapa ni ya Linux, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye seva nyingi ninazozishika, lakini nitaigusa Windows Server pale mambo yanapotofautiana.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu Mwanga, hapa mjini Kigoma, matawi Kasulu na Uvinza, makarani kumi na wawili, na afisa mikopo mmoja anayesafiri kwa boti hadi Kalya na kukaa huko wiki mbili au tatu kabla ya kurudi mjini.

Vigezo vya kupimia

Nitaipima kila njia kwa mambo matano: kazi ya kuiweka na kuitunza, kinachompata mtumiaji asubuhi nywila yake inapoisha, kinachozipata akaunti zisizo za watu, kama ile inayopeleka nakala rudufu usiku, kinga halisi inayopatikana, na ushahidi unaoweza kuwekwa mbele ya mkaguzi. Cha pili na cha tatu ninavipa uzito zaidi, kwa sababu huko ndiko nilikoona ofisi zikiumia.

Kabla ya yote, ieleweke kwamba ukomo tunaouzungumzia ni wa akaunti za mfumo endeshi, yaani za Linux au Windows yenyewe. Karani anayeingia kwenye mfumo wa mikopo kupitia kivinjari hutumia akaunti iliyo ndani ya hifadhidata ya programu hiyo, na anayefungua mafaili ya pamoja kupitia Samba, programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao wa ofisi, hutumia nywila ambayo Samba huitunza kwenye hifadhi yake yenyewe. Kwa hiyo andika kwanza orodha ya watu wanaoingia kwenye seva moja kwa moja. Ukikuta ni wawili tu, hoja ya mkaguzi inahitaji pia jibu ndani ya programu ya mikopo, na hakuna amri ya Linux itakayolitoa.

Njia ya kwanza: akaunti moja moja kwa chage

Kila akaunti kwenye Linux ina mstari wake katika faili la /etc/shadow, wenye sehemu tisa zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Sehemu ya tatu ni siku nywila ilipobadilishwa mara ya mwisho, ikihesabiwa kwa siku tangu tarehe 1 Januari 1970; zinazofuata ni siku za chini kabla ya kuruhusiwa kubadilisha tena, siku za juu kabla ya nywila kuisha, siku za onyo, siku za ziada baada ya kuisha, na tarehe ya mwisho wa akaunti yenyewe. Amri ya chage huandika katika sehemu hizo kwa niaba yako:

sudo chage -M 90 -m 1 -W 14 -I 30 karani1

Hapo nywila ya karani1 itaisha baada ya siku 90, haitabadilishwa zaidi ya mara moja kwa siku, onyo litaanza siku 14 kabla, na baada ya kuisha atabaki na siku 30 za kuingia kwa sharti la kuibadilisha papo hapo. Siku hizo 30 zikipita, akaunti inafungwa hadi msimamizi aifungue. Ukiandika sudo chage -l karani1 utaona tarehe zote zikiwa zimepangwa, na huo ukurasa mmoja ndio ushahidi wa kumpa mkaguzi.

Kazi ya kuiweka ni ndogo kwa watumiaji wachache, lakini utunzaji wake unategemea kumbukumbu ya mtu. Karani wa kumi na tatu akiajiriwa na msimamizi akasahau kuiendesha amri, akaunti hiyo itabaki bila ukomo na hakuna atakayejua hadi ukaguzi unaofuata.

Faida yake kubwa ni kwamba kila mtu anapimwa kwa mazingira yake. Afisa wa Kalya anaweza kupewa siku 30 za ziada ilhali makarani wa Mwanga wanapewa saba, kwa sababu karani wa Mwanga anaweza kutembea hadi mezani kwako, wakati yule wa ziwani atashuka kwenye boti Kibirizi akiwa amechoka na kukuta akaunti imefungwa. Tahadhari moja ni kwamba onyo la siku 14 huonekana pale mtumiaji anapoingia kwenye seva yenyewe. Asiyeingia humo kwa wiki tatu hataliona, na kwake ni heri simu au ujumbe wa mkononi kutoka kwako.

Thamani ya -m, ile ya siku za chini kabla ya kubadilisha tena, nayo ina pande mbili. Inamzuia mtu kubadilisha nywila na dakika ileile kuirudisha ya zamani, lakini inamzuia pia yule aliyeibadilisha asubuhi na mchana akagundua kwamba mwenzake ameiona, hivyo watumiaji waambiwe kwamba wakati huo wamwite msimamizi, ambaye kizuizi hicho hakimbani.

Akaunti za programu, yaani zile zisizo za watu, hapa ziko salama, kwa kuwa usipoitaja akaunti kwa jina haiguswi. Kwa upande wa kinga, unapata unachokitamka na si zaidi, kwani chage haimzuii mtu kuchagua nywila dhaifu. Hiyo ni kazi ya pam_pwquality, na kuzuia nywila za zamani zisirudi ni kazi ya pam_pwhistory, zote mbili zikiwa moduli za PAM, sehemu ya Linux inayohakiki kila anayeingia. Njia hii inaifaa ofisi yenye akaunti zisizozidi ishirini, seva moja au mbili, na msimamizi mmoja aliye makini na daftari lake.

Njia ya pili: kanuni ya jumla kwenye seva

Faili la /etc/login.defs lina thamani zinazoitwa PASS_MAX_DAYS, PASS_MIN_DAYS na PASS_WARN_AGE. Kwa kawaida ya kwanza huja ikiwa 99999, yaani zaidi ya miaka 270, na hiyo ndiyo namba mkaguzi aliyoisoma akaandika kwamba hakuna ukomo. Ukiiweka 90, kila akaunti itakayofunguliwa kwa amri ya useradd kuanzia hapo itazaliwa na ukomo huo.

Neno la kushika ni kuanzia hapo. Thamani hizo husomwa wakati akaunti inafunguliwa, na akaunti za zamani hazibadiliki hata kidogo. Nimekuta msimamizi aliyebadilisha faili hili, akalipiga picha, akaiambatisha kwenye majibu ya ukaguzi kwa nia njema kabisa, huku makarani wake wote wakiwa bado na 99999. Kwenye Windows Server isiyo ndani ya domeni, yaani isiyounganishwa na saraka kuu, mambo ni tofauti: amri ya net accounts /maxpwage:90 inazihusu akaunti zote za mashine hiyo, za zamani na mpya, isipokuwa zile zilizowekewa alama kwamba nywila yake haiishi.

Kwa hiyo kwenye Linux kanuni ya jumla huhitaji hatua ya pili, ambayo ni kuzipitia akaunti zilizopo kwa skripti fupi inayoendesha chage kwa kila moja, na hapo ndipo penye hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kuisha kwa pamoja. Karani ambaye hajabadilisha nywila kwa siku 400, ukimwekea ukomo wa siku 90, nywila yake imekwisha sekunde hiyohiyo, na kesho saa mbili asubuhi makarani wote kumi na wawili watakuwa wanatunga nywila mpya wakiwa wamekabiliana na foleni dirishani. Wateja wengi wa chama chetu ni wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa nyakati za giza na kupumzika mbalamwezi inapong'ara, na makarani wanazijua vizuri siku ambazo fedha huingia kwa wingi. Waulize kabla ya kuchagua tarehe. Wengine hutumia chage -d kuandika kwamba nywila zote zilibadilishwa leo, lakini hilo linahamishia msongamano miezi mitatu mbele na kuingiza kwenye kumbukumbu tarehe isiyo ya kweli, jambo nisilolipenda kwenye mfumo unaokaguliwa. Ninaona ni bora kuwaomba watu wabadilishe wenyewe tawi kwa tawi ndani ya wiki tatu, kisha kuweka ukomo wa siku 90 kwa Mwanga, 97 kwa Kasulu na 104 kwa Uvinza.

Hatari ya pili ni akaunti za programu, na hii iliniumiza mimi mwenyewe. Katika ofisi moja ya hapa mjini niliendesha skripti iliyogusa kila akaunti yenye namba ya utambulisho kuanzia 1000, ambako akaunti za kawaida huanzia kwenye matoleo mengi ya Linux ya sasa. Miongoni mwake kulikuwa na akaunti ya kupeleka nakala rudufu kwenye mashine ya pili kwa funguo ya SSH, faili la siri linalotumika badala ya nywila kuingia kwenye mashine ya mbali. Nilidhani funguo haihusiani na nywila. Siku ya 91 seva ilianza kuikatalia akaunti hiyo, ikidai nywila ibadilishwe kwanza, na kwa kuwa saa nane usiku hapakuwa na mtu wa kuibadilisha, nakala haikwenda. Nilikuja kugundua siku kumi na tisa baadaye, nilipotafuta faili la mwanachama lililofutwa kwa bahati mbaya na nisilipate. SSH inapotumia PAM, ukaguzi wa uhai wa nywila hufanyika hata kwa anayeingia kwa funguo, na kazi za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, za akaunti iliyoisha muda hukwama vivyo hivyo. Tangu siku hiyo huwa ninaandika akaunti za programu kwenye orodha ya kuachwa kabla sijaandika mstari wowote wa skripti, na ninaziwekea chage -M -1 ili ukomo uondoke rasmi.

Kinga inayopatikana ni ileile ya njia ya kwanza, ila imeenea kwa usawa, na ushahidi unakuwa na nguvu zaidi kwa sababu unaonyesha kanuni pamoja na orodha ya akaunti zinazoifuata. Njia hii inaifaa ofisi yenye seva moja hadi tatu ambako watumishi huja na kuondoka mara kwa mara.

Njia ya tatu: saraka kuu ya watumiaji

Hapa akaunti hazikai tena kwenye kila seva, bali ziko mahali pamoja, na kanuni ya nywila huandikwa huko mara moja. FreeIPA huja na ukomo wa siku 90 na Active Directory huja na siku 42, na zote mbili zinaruhusu kanuni tofauti kwa makundi tofauti. Active Directory imeweza hivyo tangu Windows Server 2008. Msimamizi wa FreeIPA anapompa mtumiaji nywila mpya, nywila hiyo huhesabiwa imeisha papo hapo, na mtumiaji hulazimika kuweka yake anapoingia, utaratibu mzuri unaomwondoa msimamizi kwenye orodha ya wanaoijua nywila ya karani.

Kazi ya kuiweka ni kubwa kuliko njia nyingine zote. Unahitaji angalau seva mbili za saraka, kwa sababu ikiwa moja tu na ikazimika wengi watashindwa kuingia, na unahitaji saa zinazokubaliana. Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji ambayo mifumo yote miwili hutegemea, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika tano tu kati ya mashine na mashine. Mahali ambapo umeme hukatika na betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ya zamani imekufa, mashine huweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na kila nywila sahihi ikakataliwa. Ukaguzi wa betri hizo, zile za duara kama sarafu, pamoja na chrony, programu ya kurekebisha saa kupitia mtandao, iliyowekwa ipasavyo, ni sehemu ya gharama ya njia hii. Hata katika njia mbili za mwanzo saa ni muhimu, kwa kuwa saa ikiruka mbele mwaka mzima, nywila zote zenye ukomo wa siku 90 zitahesabiwa zimeisha.

Asubuhi ya kuisha, mtumiaji wa Mwanga hana tabu, kwani anabadilisha mara moja na nywila mpya inakubalika kote. Wa Kasulu anategemea mtandao. Kompyuta ya Windows hukumbuka watumiaji kumi wa karibuni kama haikubadilishwa, na kwenye Linux SSSD, programu inayoiunganisha mashine na saraka, inaweza kuwekwa ikumbuke pia, hivyo kuingia bila mtandao kunawezekana. Kubadilisha nywila iliyoisha bila kuifikia saraka hakuwezekani. Mtandao wa tawi ukikatika siku hiyo, karani atasubiri, hivyo ongeza siku za onyo ziwe 14 au 21 kwa kundi la matawi.

Akaunti za programu hutengewa kundi lake lenye kanuni yake, na hapo njia hii ni safi kuliko ya pili. Kinga yake kubwa iko kwenye kufunga akaunti kuliko kwenye idadi ya siku: mtumishi akiacha kazi, unazima akaunti mahali pamoja na anatoka kila mahali. Ushahidi nao ni mwepesi kuutoa. Njia hii inaifaa taasisi yenye seva nyingi au matawi mengi, yenye watu wawili wanaoielewa. Nimeona ikimlemea anayeishika peke yake.

Njia ya nne: kuacha ukomo wa siku

Wengi husikia njia hii wakadhani ni uzembe, ilhali ndiyo inayopendekezwa na miongozo mikubwa. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake SP 800-63B, ilishauri kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa vipindi, bali walazimishwe pale penye ushahidi kwamba imevuja. Mwaka 2019 Microsoft iliondoa ukomo wa nywila kwenye mapendekezo yake ya msingi ya usalama wa Windows. Kabla ya hapo, mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza nywila za akaunti zilizofungwa za chuo hicho, wakaonyesha kwamba ukiijua nywila ya zamani ya mtu unaweza mara nyingi kuikisia mpya yake, na kwamba kwa asilimia 17 ya akaunti walihitaji majaribio yasiyofika matano.

Sababu yake tunaiona maofisini. Karani mwenye Kibirizi#3 akilazimishwa kubadilisha ataweka Kibirizi#4, na miezi mitatu baadaye kila aliyeijua ya kwanza anaijua ya sasa.

Hata hivyo njia hii ina masharti, na anayeyaruka anabaki na seva iliyo wazi. Nywila iwe ndefu, kwa mfano maneno manne au matano yasiyohusiana. Ikataliwe ikiwa ni ya kawaida au iko kwenye orodha za zilizovuja. Majaribio mengi ya kukisia yafungwe kwa pam_faillock. Na wanaoingia kutoka nje ya ofisi wawe na hatua ya pili, iwe funguo ya SSH yenye nywila yake au namba ya muda kwenye simu. Ukiwa na shaka juu ya akaunti yoyote, chage -d 0 ikifuatiwa na jina lake humlazimisha mwenyewe kubadilisha anapoingia tena.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni ya kati, na ya baadaye ni kusoma kumbukumbu za seva kila wiki. Asubuhi ya kuisha haipo, na kwa afisa wa Kalya hiyo ni nafuu kubwa. Akaunti za programu hazina tatizo. Kinga ni bora pale masharti yanapotimizwa, lakini kuna mazingira inapopwaya: ofisi ambazo karani akienda kuswali au kula humwachia mwenzake nywila ili amshikie dirisha. Pale ukomo wa siku, pamoja na udhaifu wake, hupunguza muda ambao nywila iliyotolewa inabaki kutumika, ingawa dawa ya kweli ni kila mtu kuwa na akaunti yake. Ushahidi kwa mkaguzi ni mgumu zaidi, kwa sababu unahitaji sera iliyoandikwa na kusainiwa na bodi, yenye kutaja vidhibiti vilivyowekwa badala ya ukomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sera hiyo ni sehemu ya kuonyesha kwamba umefanya hivyo.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama una seva moja, watumiaji wachache na hoja ya ukaguzi inayohitaji jibu mwezi huu, anza na njia ya kwanza, kisha badilisha pia /etc/login.defs ili wajao wasisahaulike.

Kama watumishi hubadilika mara kwa mara, chukua njia ya pili, ukitanguliza orodha ya akaunti za programu na ratiba ya matawi. Kwa wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, usitegemee ukomo wa nywila. Weka mwisho wa akaunti yenyewe, kwa mfano chage -E 2026-09-30, ili ifungwe siku wanapoondoka.

Kama matawi yako yanafika matatu na seva zinaongezeka, na unaye mwenzako wa kusaidiana, jenga saraka kuu, lakini tatua kwanza umeme na saa.

Kama watu wako wanakaa mbali na ofisi kwa wiki nyingi, na uongozi uko tayari kusaini sera na kugharimia hatua ya pili ya kuingia, njia ya nne itawatumikia vizuri. Ikiwa seva inahusika na malipo ya kadi, soma kwanza PCI DSS, kiwango cha usalama wa malipo ya kadi, kwani toleo lake la 4.0.1 linataka nywila ibadilishwe angalau kila siku 90 pale inapokuwa ndiyo kinga pekee ya kuingia na usalama wa akaunti haupimwi kwa namna nyingine.

Na mtumishi akiacha kazi, katika njia yoyote kati ya hizi, usiridhike na passwd -l, kwa sababu hiyo hufunga nywila tu na funguo yake ya SSH huweza kuendelea kumpitisha. Funga akaunti yenyewe kwa usermod --expiredate 1 likifuatiwa na jina lake, kisha endesha chage -l na uone kwa macho yako kwamba tarehe imekwisha kupita.